Tani moja na nusu ya barafu kwenye chumba cha kitanda kimoja

Chumba changu cha kulala kina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 3.4. Namba hizi sasa nazijua kama ninavyozijua tarehe za kuzaliwa za wanangu. Lakini mwaka juzi, mwezi wa Novemba, siku nilipoingia dukani kununua kiyoyozi, sikuzijua, na muuzaji naye hakuniuliza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama, una bajeti ya ngapi?"

Bajeti ilikuwepo. Malipo ya korosho za shamba la baba watoto kule Nanyamba yalikuwa yameingia, na joto lilikuwa limetufika shingoni. Anayeishi Shangani, hapa Mtwara mjini, hahitaji kuelezwa. Kabla mvua hazijashika, kusi imeshakufa, kaskazi bado inajivuta, na usiku hewa inasimama kama maji ya kisimani. Kipimajoto kinasema nyuzi 27 tu, lakini shuka limekugandia mgongoni na mtoto analia bila sababu.

"Chukua hii ya 18,000, Mama yangu," akasema muuzaji, akimaanisha BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza. "Mtwara hii, ndogo itakuaibisha. Kubwa inapoza haraka halafu inajizima yenyewe, kwa hiyo unaokoa umeme." Maneno yaliingia akilini vizuri kabisa. Nikalipa 1,350,000, na 150,000 nyingine ya vijana wake wawili waje kufunga. Duka silitaji, maana baadaye nimepita maduka mengine matatu hapa mjini na kote nimeulizwa swali lilelile la bajeti. Nikimtaja mmoja nitakuwa nimemwonea.

Nieleze kwanza yaliyotokea, maana ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike haya kumhusu fundi aliyekuja kunipimia chumba.

Usiku wa kwanza nilimwombea dua yule muuzaji. Dakika tano tu chumba kimekuwa kama friji ya bucha. Kisha, tuk, mashine ya nje ikanyamaza. Baada ya dakika saba au nane taa ya ukumbini ikafifia, kompresa ikanguruma, baridi ikashuka tena dakika tano, tuk. Usiku kucha ikawa hivyo. Siku moja niliyokosa usingizi nilikaa kuhesabu, nikapata mara nne na ushee kila saa. Baba watoto aliniambia, "Hii kitu inapumua kama mgonjwa."

Kelele ningezizoea. Unyevu ndio ulionishinda. Chumba kilikuwa baridi na kibichi kwa pamoja, kama pango. Shuka ukiligusa alfajiri unadhani limeanuliwa kabla ya kukauka. Kanzu ya Ijumaa ya baba watoto ikatoka kabatini ina vidoa vyeusi kwenye kola. Nyuma ya kabati, ukutani, ukaota ukungu wa kijani mkubwa kama sinia. Nikaamini bati linavuja. Nikamwita fundi wa paa, akapanda, akagonga misumari, akashuka na elfu arobaini yangu, na ukungu ukaendelea na maisha yake. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimelipa watu kutafuta maji juu, kumbe maji yalikuwa hewani, mimi ndiye niliyekuwa nayapoza bila kuyatoa.

Na LUKU. Elfu kumi inanipa uniti 28 na pointi. Nilianza kusoma mita kabla ya kulala na baada ya sala ya alfajiri, nikaandika kwenye daftari. Uniti saba kwa usiku, na friji imo humo. Ile elfu kumi ilikuwa inamaliza usiku wa nne kwa shida.

Sasa huyu fundi. Mimi nina duka la steshenari, fremu ya mbele ya nyumba yetu wenyewe, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo. Siku hiyo akaingia kijana mmoja kutoa kopi ya cheti chake cha VETA, ufundi wa majokofu na viyoyozi. Nikiwa naiweka karatasi kwenye mashine nikamuuliza, kama unavyomuuliza daktari uliyekutana naye harusini, kwa nini kiyoyozi kiwake na kuzima kila mara. Hata hakuniuliza ni cha kampuni gani. Akasema, "Chumba kina ukubwa gani, Mama?" Nikamwambia ni cha kawaida. Akacheka. "Cha kawaida ni mita ngapi?"

Jina lake siliandiki kwa sababu ameniomba. Mchana ameajiriwa na mtu, kazi zake mwenyewe anazifanya jioni na Jumapili. Lakini huduma yake ndiyo ninayoisifu hapa, na kuilalamikia pia, tutafika.

Alitaka elfu ishirini kuja kupima. Nikashtuka. "Kupima tu? Hujafunga hata skrubu?" Akanijibu taratibu, "Kwani ukienda kupima malaria, Mama, unalipia nini?"

Akaja na tepu, kalamu na daftari la shule lenye picha ya mchezaji mpira. Alipima urefu, upana, kimo mpaka silingi, kisha dirisha peke yake. Halafu maswali, na hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa elfu ishirini yangu inafanya kazi. Jua la jioni linapiga ukuta upi? Juu kuna silingibodi au bati tupu? Mnalala wangapi? Televisheni iko chumbani, na inazimwa saa ngapi? Mlango unafungwa usiku au mtoto anaingia na kutoka? Akafungua kidirisha cha silingi, akapenyeza kichwa na mkono darini, na alipoteremka shati lilikuwa limelowa lote. Ilikuwa saa kumi alasiri. "Bati lenu huko juu huwezi kuligusa," akasema.

Kisha akaniomba udi. Nikadhani anatania, nikampa kijiti kimoja cha udi wa dukani. Akakiwasha, akafunga dirisha na mlango, akapanda juu ya stuli karibu na yale matundu ya hewa ambayo mafundi wetu wa Kitanzania huyaacha juu ya dirisha. Moshi ulipanda wima kidogo, kama uzi. Ukafika usawa wa matundu, ukapinda, ukapita nje moja kwa moja kama umeitwa kwa jina. Akashuka, akakishikilia chini ya mlango. Hapo moshi ulirudishwa ndani. Nilisimama katikati ya chumba changu mwenyewe naangalia hewa niliyoilipia ikiondoka.

"Hapa Mama unaipoza Shangani nzima."

Matundu yale, alinieleza, si kosa la aliyejenga. Nyumba isiyo na kiyoyozi inayahitaji, joto lipande litoke. Ukishaweka kiyoyozi ndiyo yanageuka kuwa mlango wa wazi juu ya kichwa chako. Akasema niyazibe kwa plaiwudi inayoweza kutolewa, nibakishe tundu moja, maana watu wanaolala ndani wanahitaji hewa mpya, na pazia la dirisha la magharibi liwe zito. Hiyo ilinigharimu elfu kumi na nane, seremala pamoja na misumari. Alisema pia kuna karatasi nene ya kung'aa inayotandikwa chini ya bati kurudisha joto juu. Nilimwambia hiyo tuiachie korosho za mwaka mwingine.

Ndipo akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza hesabu, na akaniambia niangalie. BTU, alisema, ni kipimo kidogo sana cha joto, kama kijiti kimoja cha kiberiti kikiungua mpaka mwisho. Kiyoyozi cha 9,000 kinatoa chumbani joto la vijiti elfu tisa kila saa. Kanuni yake ya haraka kwa pwani ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, watu wawili wakiwa wamo ndani ya hesabu. Chumba changu mita 12, kwa hiyo 7,200. Ukuta unaopigwa na jua la jioni, ongeza sehemu moja ya kumi: 7,920. Televisheni, 600 nyingine: 8,520. Akapiga mstari chini. "Vinauzwa vya 9,000. Wewe umefungiwa viwili kwa pamoja."

Nikamuuliza hiyo "tani" iliyoandikwa kwenye boksi, tani moja na nusu, ni uzito wa nini, maana vijana wawili waliibeba bila shida. Jibu lake nimelirudia kwa watu wengi tangu siku hiyo. Kule Marekani, kabla ya mashine hizi, watu walikata barafu kwenye maziwa yaliyoganda wakaiuza. Zilipokuja mashine za kupoza, wakazipima kwa barafu waliyoizoea: tani moja ni ubaridi unaoupata ukiyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24. Tani yao ni ratili 2,000, kama kilo 907, na kwa lugha ya BTU ni 12,000 kwa saa. Mimi barafu ninayoijua ni ile ya wauza samaki pale Feri. Nikaanza kuona kilo 1,360 za barafu ya samaki zimerundikwa kuzunguka kitanda changu, nikacheka peke yangu.

"Sasa si itapoza zaidi?" nikabisha. Bado nilikuwa naitetea pesa yangu.

Akaenda akaleta kopo la maji baridi kutoka kwenye friji, akaliweka mezani. Tukaongea mengine. Baada ya muda kopo likaanza kutoa jasho, matone yakaungana, yakatiririka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Akasema hiki ndicho kiyoyozi kinachotakiwa kufanya. Koili, yale mabomba ya ndani yanayopozwa, ikikaa baridi kwa muda mrefu, mvuke ulioko hewani unagandamana juu yake, unadondoka, unatoka kwa mpira kwenda nje. Inachukua muda. Mashine kubwa mno inaifikisha hewa kwenye nyuzi ulizoandika kabla koili haijaanza kutoa jasho la maana, inazima, na yale maji kidogo yaliyobaki kwenye koili yanarudi chumbani. Ndiyo maana mlikuwa mnalala kwenye pango.

Tukajaribu. Usiku ule niliweka dumu chini ya mpira wa nje. Asubuhi nilikuta kama lita moja na nusu.

Kuna kisa alichonisimulia ambacho nadhani kilinigusa mimi zaidi ya ambavyo kingemgusa mtu mwingine. Mhandisi aliyebuni kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, Willis Carrier, mwaka 1902, hakuitwa kumpoza mtu yeyote. Aliitwa na kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York. Karatasi zao zilikuwa zinanywa unyevu wa kiangazi, zinatanuka, zinasinyaa, na kwa kuwa kila rangi ilichapwa kwa zamu yake, rangi ya pili haikukaa juu ya ya kwanza. Alitakiwa kuondoa maji hewani. Ubaridi ulikuja kama njia. Mimi ninayefungua rimu ya karatasi mwezi wa Februari na kuikuta imejikunja kingo kama mkeka wa zamani, mimi ambaye mashine yangu ya fotokopi hutafuna karatasi tatu katika kila kumi msimu wa mvua, nilimwelewa yule Mmarekani kama ndugu.

Na hapo ndipo fundi aligeuka kuangalia kuelekea fremuni. "Hebu nipime na duka."

Duka ni mita tano kwa nne, ishirini za mraba, 12,000. Mimi na binti ninayefanya naye kazi tumo ndani ya hesabu. Wateja wanaosimama, kwa wastani watatu, 600 kila mmoja, 1,800. Kompyuta mbili na printa zake, 1,200. Mashine ya fotokopi akaiinamia kusoma kibandiko cha nyuma: ikifanya kazi inakula wati 900. Kila wati inayoliwa ndani ya chumba, alisema, inageuka kuwa joto, na wati moja ni BTU 3.4 kwa saa, kwa hiyo weka 3,000. Akajumlisha. 18,000 kamili. Nilidhani ananipikia hesabu ili nifurahi, nikaichukua kalamu nikajumlisha mwenyewe mara mbili.

Yaani kiyoyozi changu hakikuwa kibovu. Kilikuwa kwenye chumba kisicho chake.

Ushauri wake ukawa huu: kile kikubwa kihamie dukani, ambako mlango unafunguliwa kila dakika na mashine zinachemka, chumbani ninunue cha 9,000. Nikamuuliza kuhusu hivi vya inveta, maana kila tangazo ni inveta. Akasema ni vizuri kwa chumba cha kulala kwa sababu kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, lakini nisidanganyike kuwa inveta inafuta kosa la ukubwa. Nayo ina mwendo wake wa chini kabisa, chumba kikiwa kidogo kuliko huo itazima tu kama nyingine. Nilinunua ya 9,000, inveta, 850,000, kwenye duka jingine. Muuzaji wa huko naye alianza, "Mama, ongeza kidogo uchukue..." Nikamwonyesha karatasi. Akanyamaza, akaniandikia risiti.

Kazi ya kufunga na kuhamisha aliniomba 220,000 kwa vyote viwili, mabomba ya shaba ya ziada nikanunua mwenyewe kwa mita. Hapa naomba mtu anayetaka kuhamisha kiyoyozi asome vizuri. Hakufungua nati akaacha gesi ifuke. Aliiwasha mashine, akafunga valvu ya bomba jembamba kwa ufunguo wa pembe sita, akaiacha kompresa inyonye gesi yote iingie kwenye mashine ya nje, geji ikashuka, akafunga valvu ya bomba nene na kuzima haraka. Gesi yangu ikahama na mashine yangu. Alipofunga upande wa duka akaleta pampu ya vakyumu, akainyonya hewa kwenye mabomba kwa nusu saa nzima huku anakunywa chai yangu, kisha akaacha geji nusu saa nyingine kuangalia kama inarudi. Hapo tu ndipo akafungulia gesi. "Wale wa kwanza walikuja na pampu?" akauliza. Walikuja na ngazi na drili. Ndani ya saa moja walikuwa wameshaondoka.

Malalamiko. Aliahidi Jumamosi baada ya alasiri, akaja Jumatatu. Simu alipokea mara ya tano. Alitoboa ukuta bila kufunika kitanda, vumbi la tofali likaingia mpaka kwenye mito, na godoro nililitoa nje kulipiga fimbo kama wakati wa kunguni. Baya zaidi, mpira wa maji wa chumbani aliuelekeza upande wa jirani, na jirani yangu ni mtu wa kuanika. Siku ya pili alinijia na kanga iliyolowa mkononi, hakusema neno, aliinyoosha tu mbele yangu. Fundi alirudi kuugeuza bila kudai hela, hilo nampa. Kwa hiyo nyota nne. Ya tano iko kwenye godoro.

Matokeo nayasema kwa daftari langu. Kiyoyozi kipya kinachukua kama dakika ishirini na tano kukifikisha chumba kwenye nyuzi 25, na dakika hizo baba watoto alizilalamikia wiki nzima. Kisha kinabaki kinavuma taratibu usiku kucha, hakuna tuk, taa haififii. Asubuhi dumu la lita tano linakuwa limejaa na linamwagika. Maji hayo namwagia mchaichai. Mita inasoma uniti tatu na nusu kwa usiku, friji ikiwemo, kwa hiyo elfu kumi sasa inafika usiku wa nane. Ukungu wa nyuma ya kabati niliusugua kwa jiki mara moja tu, haujarudi. Baba watoto bado anapenda kushusha rimoti mpaka 18 akiamini chumba kitapoa haraka. Hakipoi haraka, kasi ni ileile, kinachobadilika ni mahali pa kusimama. Nimeficha rimoti chini ya mto wangu.

Dukani kile cha zamani kinafanya kazi kama punda, kinawaka asubuhi na ni nadra kuzima kabla ya adhuhuri, na karatasi zinapita kwenye fotokopi bila kutafunwa. Kimo kwenye mita ya duka, na sijapunguza hapo chochote. Lakini sasa kinakula kwa kazi.

Dada wa baba watoto ameolewa Njombe, na aliposikia hadithi hii kwenye simu akauliza kama huko kwao mashine hizi zinafaa kwa joto, yaani la kutia, maana Juni na Julai kule maji yanaganda nje na wao wanaingiza jiko la mkaa ndani. Nilimpa fundi simu. Alimwambia kwanza atoe lile jiko chumbani, hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Kisha akamweleza kuwa zipo mashine zinazogeuza kazi, zinachukua joto lililoko nje, hata kama nje pana baridi, na kulileta ndani, utazitambua kwa alama ya jua kwenye rimoti. Lakini zake zipimwe kwa baridi ya Njombe: nyufa za dirisha, silingi, siyo BTU 600 za pwani. Kwetu hapa Mtwara, kulipia alama ya jua ni sawa na kununua koti la sufu la kuvaa Msimbati.

Na sisi wa karibu na bahari tuna adui mwingine ambaye muuzaji hakunitajia: chumvi. Mashine ya nje ya kwanza, miezi minane tu, skrubu zilikuwa zimeshakuwa na kutu ya kahawia na mapezi yake, yale mabati membamba ya kutolea joto, yalianza kumeguka pembeni. Fundi ameihamishia upande usiopigwa na upepo wa bahari, na kila baada ya miezi miwili nazima umeme, naimwagia maji ya bomba taratibu bila presha. Filta za ndani naosha mwenyewe kila wiki mbili, na za hii fremu ya steshenari yenye vumbi la karatasi kila Jumapili. Umeme ukikatika na kurudi, nasubiri dakika tatu au nne kabla ya kuwasha, na stebilaiza ninayo, kila kiyoyozi na yake.

Ile karatasi ya daftari la shule yenye hesabu zote mbili, ya chumba na ya duka, niliipitisha kwenye lamineta nikaibandika ukutani karibu na kaunta, ili niwe nayo siku mtu akinibishia. Wateja wakaanza kuisoma wakisubiri kopi zao. Mmoja akaomba aipige picha, mwingine akataka nakala ampelekee baba yake anayejenga Chuno. Sasa natoa kwa shilingi mia, kama kopi nyingine yoyote, na nimeacha nafasi tupu pembeni mtu ajaze mita zake. Fundi alipoiona wiki iliyopita aliniuliza fungu lake liko wapi.